Dada Alipoikataa Pikapu Yangu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na shida ikaanza. Mama alikuwa ametangulia. Shule niliiacha darasa la tatu, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba nilifika mbali zaidi. Dada yangu ndiyo kwanza alikuwa ameolewa Mohoro. Alikuja kunichukua akanipeleka kwa mumewe bila hata kumwuliza huyo mume. Nililala jikoni kwake, nikala chunguni kwake, nikakua.

Mengine yote nimeyafanya mwenyewe. Nimebeba magunia ya mpunga begani. Nimesukuma baiskeli yenye nazi mpaka Kibiti. Nimenunua samaki wakavu kwa watu wa boti za Mbwera nikawauza barabarani. Hakuna mtu aliyenipa mtaji, na atakayesema alinipa aje aseme mbele yangu. Hivyo ndivyo nilivyonunua pikapu.

Nilipoipata, jambo la kwanza nililofanya ni lile tunalofanya wote huku: niliipeleka kwa fundi aongeze springi. Asiyejua magari nimweleze. Chini ya pikapu, huku nyuma, kila upande kuna vyuma bapa vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine vikafungwa pamoja. Vinabeba mzigo, na gari likiingia shimoni vinanesa. Waliolitengeneza waliweka vichache. Fundi akaniongezea vingine vinene, vilivyotoka kwenye lori bovu. Kuanzia hapo pikapu yangu ikasimama matako juu, na hata niijaze magunia mpaka kamba zilie, haikulala. Magari ya wenzangu yalikuwa yanaburuza mkia barabara nzima. Nilikuwa nawapita napiga honi.

Gari likiwa tupu lilikuwa jambo jingine. Vyuma vile bila mzigo havinesi, kwa hiyo shimo linapanda lilivyo mpaka mgongoni kwa aliyekaa. Miye nilikuwa nimeshika usukani, sikuona tabu. Abiria wakilalamika niliwaambia wapande basi.

Mwaka juzi dada aliteleza kwenye tuta la jaruba la mpunga akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya Mchukwi, akatibiwa, akakaa mpaka akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku hiyo niliiosha pikapu, nikatandika nyuma godoro la kitandani kwangu na shuka mpya, nikavaa kanzu. Kibiti nzima nilikuwa nimewatangazia kwamba dada yangu namrudisha mwenyewe.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha magurudumu, wanawake wa ukoo wamemzunguka na vifurushi vyake.

"Umekuja na nini?" akaniuliza.

"Na gari langu, dada. Nimekutandikia godoro."

Akawageukia wenzake. "Mwiteni nesi anirudishe kitandani."

Wanawake wakacheka. Na miye nikacheka, nikijua ananitania.

"Sitanii," akasema. "Gari lako nililipanda siku tuliyotoka kumzika mume wangu. Nilifika nimejikojolea. Nilinyamaza kwa sababu nilikuona unavyoringa nalo."

Kicheko kikakatika. Mmoja akajifanya anakunja khanga. Miaka yote ile sikuwa najua, kwa sababu hakuna aliyeniambia, na hakuna aliyeniambia kwa sababu nilikuwa siambiliki. Nilisimama pale na kanzu yangu sijui mikono niiweke wapi.

Mume wa binti yake alikuwa na kigari kidogo, kikuukuu, ambacho mara nyingi nilimcheka nacho. Akasema kwa adabu, "Mjomba, ngoja tumlaze kwenye hiki changu. Kimechakaa, lakini kinatulia."

Wakamlaza kiti cha nyuma. Wakaondoka, nami nikafuata na pikapu tupu, godoro likirukaruka nyuma peke yake. Tulipoiacha lami kuingia njia ya Mohoro, lile godoro likaruka likatoka nje kabisa. Watu waliokuwa wakianika mpunga kando ya njia wakanikimbilia nalo.

"Mzee, mgonjwa wako umemwangusha wapi?" mmoja akauliza.

Nililipokea godoro nikaenda zangu.

Daktari alikuwa amesema arudi baada ya wiki kadhaa aangaliwe mfupa. Nikawa na jambo moja tu kichwani: safari hiyo nimpeleke miye. Mtu aliyenilea, miye niko hai na gari ninalo, halafu abebwe na mkwe?

Nikaenda kwa fundi wangu pale Kibiti. Alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Nataka pikapu iwe laini."

"Weka magunia ya mchanga," ikasema ile miguu.

Nikaweka. Ikapunguza kurusha, lakini si kwa mtu mwenye nyonga mbovu. Nikarudi. Safari hii alitoka, akainama, akachungulia nyuma ya tairi.

"Nani aliyekujazia machuma haya?"

"Wewe."

Akacheka mpaka akaketi. "Kweli, mzee, ni miye. Lakini uliniambiaje? Uliniambia gari likija kulala hata siku moja, nisipite mbele ya nyumba yako."

"Sasa nakwambia mengine."

"Basi panda nyuma ulale kama atakavyolala dada yako. Miye nitaendesha. Ukishuka utaniambia nitoe mangapi."

Nililala. Akaipeleka njia ya nyuma ya soko, ile iliyochimbwa na mvua. Shimo la kwanza lilininyanyua nikatua na kisogo. La pili niliuma ulimi. Nikashika ubavu wa gari kwa mikono miwili, na miguu bado inapigwa huku na huku, miye mtu mzima asiyevunjika popote. Tukawapita wanawake wanaouza chapati.

"Jamani, nani kafariki?" mmoja akauliza.

"Bado," fundi akajibu dirishani. "Huyu anasoma."

Nikagonga kibini alimokaa ili asimame. Akajifanya hasikii, nami sikugonga tena. Niliikumbuka ile siku ya mazishi. Dada alikuwa amevaa kaniki, ameketi pale pale nilipolala, na miye mbele nikiwapita watu kwa honi.

Niliposhuka nilimwambia atoe yote ya lori.

Akatoa. Vile vyuma vya asili vilikuwa vimeshikana kwa kutu kama kipande kimoja, akavitenganisha, akavisugua, akavipaka grisi. Zile bushi za mpira za kwenye ncha zilikuwa zimelika, chuma kinagonga chuma, akaweka mpya. Shokapu, zile za kutuliza mruko, zilikufa zamani, zimevuja mafuta yote, tukabadilisha. Mwisho akapunguza upepo wa tairi za nyuma, maana nilikuwa nazijaza kama za lori.

"Mzigo wa zamani usahau," akaniambia. "Ukiijaza itakaa chini."

Siku ya soko wenzangu waliiona. "Mzee, pikapu imetoka jando? Mbona imenywea hivi?" Mwingine akasema, "Mwacheni, inasujudu." Magunia niliyokuwa nabeba kwa safari moja nikabeba nusu, nusu ikabebwa na wao mbele ya macho yangu. Walipiga honi waliponipita. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma.

Siku ya kliniki nikafika Mohoro asubuhi. Dada akatoka na magongo, akaizunguka pikapu kama mtu anayenunua mbuzi.

"Umeifanya nini?"

"Nimeipunguza. Usipotaka nimwite mkwe wako."

Akafikiri. "Nilazeni," akawaambia wanawe.

Nikaendesha polepole. Kila shimo nililiona mapema, na kila nikilipita nilisikiliza nyuma. Kimya. Nikaogopa huo ukimya, nikasimama, nikashuka kumtazama. Alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Unaumia?"

"Endesha, bwana, jua linaniunguza."

Tukaingia lami, tukavuka daraja, tukafika Mchukwi. Wahudumu walipokuja kumshusha akanishika mkono wa kanzu. Nikadhani atanishukuru, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta jibu la kiungwana.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," akasema.

Hakusema kwa hasira. Wakamwingiza ndani. Nilibaki nje nimeegemea gari, watu wakinisalimu, nikashindwa kuinua uso. Kazi ile ilikuwa ya siku moja gereji. Kabla yake nilimbeba mke wangu akiwa na mimba, nikawabeba wazee, nikawabeba waliotoka kuzika, na wote nikawaambia wapande basi.

Tangu siku ile kila kliniki nampeleka miye.

Leo nina nyumba ya matofali Kibiti, imeezekwa bati. Nina shamba la minazi na mikorosho. Nina majaruba ya mpunga Mohoro. Nina mbuzi na kuku. Nina baiskeli. Nina pikapu moja, inabeba nusu ya ilichokuwa ikibeba.