Nilifuta shamba la Mama Salima kwenye data kwa kumsingizia uvivu

Wakuu, heshima mbele. Hii si chai, na mimi humu ndani si shujaa. Someni mpaka mwisho ndiyo mnihukumu.

Miaka michache nyuma nilikuwa nimetoka chuo, nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa alizeti hapa Singida. Nikapanga chumba Mandewa, nikapewa pikipiki na daftari. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia mashamba kumi na mawili ya majaribio upande wa Mgori. Wakulima wanapanda mbegu mpya, mimi napima mavuno.

Mmoja wao alikuwa Mama Salima. Mjane, mtu mzima, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Huyu mama ukimkosa shambani ujue kuna msiba.

Mavuno yakafika. Mashamba kumi na moja yakapishana kidogo tu. La Mama Salima halikufika hata robo ya wenzake. Vichwa vidogo, mashina yameoza chini.

Nilipima mara mbili. Mzani mzima. Kwenye daftari nikaandika: udongo mweusi, maji yalisimama.

Yale mengine yote yalikuwa kwenye kichanga. Shikeni hapo.

Boss akaangalia graph, akasonya.

"Hii moja inaniharibia average. Itoe."

"Boss, nilirudia kupima. Iko sawa."

"Ni outlier. Andika sababu, uitoe."

"Sababu gani sasa?"

"Wewe ndiye ulikuwa field. Unakosaje sababu?"

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi unaofuata. Nikafungua laptop, nikaandika: "Mkulima hakupalilia kwa wakati."

Maneno manne. Nikafuta mstari wake. Graph ikapendeza kweli.

(Wa stats mtaniambia kuna test za kutambua outlier. Najua, nilizifaulu. Test inakwambia namba iko mbali na wenzake. Haikwambii kwamba ni ya uongo.)

Nilidhani ile report itaishia kabatini. Kumbe boss akaja kuisoma kwenye mkutano wa kijiji, mpaka maelezo ya shamba lililoondolewa. Jina hakutaja, ila nani asiyejua shamba la nani? Watu wakaanza kucheka chini chini.

Mama Salima akasimama. "Mimi sikupalilia?"

Akanigeukia. "Mwanangu, sema. Ulinikuta na jembe mara ya kwanza, ukanikuta mara ya pili. Uji tulikunywa pale pale shambani. Sema basi."

Wakuu, niliinamia daftari langu kama natafuta kitu.

"Tuendelee," boss akasema. Tukaendelea.

Wiki mbili hazikuisha, kikundi kikamtoa uenyekiti.

Msimu uliofuata ile mbegu ikagawiwa kijiji kizima, wa kichanga na wa udongo mweusi. Mama Salima akawaambia majirani zake wa bondeni, wenye udongo mweusi kama wake, wasiipande. Wakamjibu kwamba hawachukui ushauri kwa mtu asiyepalilia.

Mvua ikanyesha vizuri, na hiyo ndiyo ikawamaliza. Bonde zima likaoza. Watu waliozoea kukamua mafuta yao wenyewe wakaanza kununua ya kupima dukani. Yeye alikuwa amepanda mbegu yake ya zamani, akavuna.

Nilipopata habari nikaenda kwake. Nikamkuta anapepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Ungo haukusimama.

Nikaeleza yote, nikaomba msamaha. Akasema, "Hukunisema mimi na wewe tukiwa wawili. Maneno yako yalisomwa mbele ya watu. Kwangu umekuja kufanya nini?"

Nikamwandikia boss report irekebishwe. Akajibu kwamba mradi ulishafungwa.

Basi nikamwomba mwenyekiti wa kijiji nafasi kwenye mkutano. Nikasimama, nikasema: Mama Salima alipalilia mara mbili, mimi nilidanganya, na ule udongo mweusi nilikuwa nimeuona.

Hakuna aliyenipigia kelele. Bora wangepiga.

Mzee mmoja wa kikundi akainuka, akamwomba Mama Salima arudi kwenye uenyekiti siku ile ile.

"Hapana," akajibu. "Miaka yote mnaniona nalima. Kijana wa mjini kaandika mstari mmoja, mkamwamini yeye."

Akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Mpaka leo hajarudi kwenye kikundi.

Nilichojifunza: namba unaitoa pale unapojua kilichotokea. Mzani umeharibika, mbuzi wamekula, umekosea kuandika. Hapo toa, na useme umeitoa. Kama unachojua ni kwamba imekukera tu, iache ikae na maelezo yake. Ukianza kutunga sababu, kuna mtu unamtungia.

Ile report bado ipo, na wanafunzi wanaitumia.

Mnaofanya field humu, mmeshawahi kuambiwa "tafuta sababu"? Mlijibu nini? Nataka kusikia hasa kwa waliokataa.