Karani Ersilia Afungua Mdomo

Ersilia Tagliente alikuwa karani wa wakili wa hati Santacesaria miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kumwita msomi. Alikuwa na kasoro moja: akisema jambo, unalielewa. Katika mji wetu huu wa mlimani, hilo halisameheki.

Bosi wake sasa, huyo alikuwa bingwa! Sheria inamtaka asome hati kwa sauti mbele ya watiaji sahihi, naye alisoma kama padri anayewahi chakula: "kwa mujibu wa", "bila kuathiri", "kama ilivyorejewa hapo juu", pumzi moja hadi chini. Watu walitoka wakijifuta jasho, "Lo, yule bwana amesoma!" Amesema nini? Wapi! Hakuna ajuaye. Mimi nina mkahawa mkabala na ofisi yake, na hati ya kugawa nyumba bure inataka mashahidi wawili. Mmoja nilikuwa mimi, na aproni yangu kiunoni. Nimeshuhudia mamia ya hati, sikuambulia kitu.

Jumanne moja ya Machi alikuja Incoronata Lopalco, mjane wa miaka themanini na mmoja, kumpa nyumba mwanawe Savino. Mji mzima ulijua mapatano yao: nyumba iwe ya Savino, lakini mama akae humo mpaka afe. Savino alikaa karibu naye, amemshikia mkoba, mtoto mwema kabisa! Wakili akaanza mbio zake. Shahidi mwenzangu, muuza nyama, alikuwa anasinzia. Ukurasa wa tatu, Ersilia akasimama.

"Mama Incoronata, nisikilize. Karatasi hii inampa Savino nyumba yote, leo hii. Hakuna mahali inaposema utakaa humo. Ukitia sahihi, kesho anaweza kukutoa nje na kitanda chako."

Savino akawa mwekundu masikioni. Wakili akavua miwani. "Ersilia, hapa si sokoni. Hati haijadiliwi kwa lugha ya jikoni."

"Basi Mheshimiwa, nionyeshe tu mstari unaomwachia mama kitanda."

"Maslahi ya mtoaji," akasema yule wakili mnafiki, "yamezingatiwa katika muktadha mpana wa vifungu husika."

Nilidhani bibi atamshukuru Ersilia. Thubutu! Alimgeukia kwa hasira.

"We binti, unamfundisha kazi Mheshimiwa? Yeye kasoma kurasa tatu, sijaelewa hata neno. Hiyo ndiyo sheria! Wewe nakuelewa yote. Sheria gani hiyo, hata mimi naielewa?"

Akatia sahihi. Savino akatia. Muuza nyama akaamshwa, akatia. Nami nikatia, nikarudi kwa wateja wangu.

Ersilia alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Savino naye hakukawia; zeituni hazijachumwa, nyumba imeshauzwa, mama yuko kwa masista wanaotunza wazee, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Ersilia ndiye anayekwenda kumtazama siku za Alhamisi. Huwasomea wazee barua za ofisi ya pensheni: "Wanasema subiri," basi, barua imekwisha.

Alhamisi moja nilikutana naye akitoka huko. Nikamsema bibi: mjinga yule, kaambiwa wazi kakataa, acha aisome namba. Kisha, bila kuulizwa, nikaanza kujieleza.

"Unajua, kwa utaratibu ulivyo, shahidi hana mamlaka ya kuingilia mwenendo wa hati."

"Maana yake nini, Nunzio?"

Nikaanza upya: "Kwa mujibu wa..."

"Maana yake uliogopa," akasema. "Mama Incoronata hakuniamini. Wewe uliniamini, ukatia sahihi."