Siku Niliyotwanga Sombe Mbele ya Mama Mkwe

Kwanza nilisikia kraaa, mlio mrefu wa nguo inayochanika, na kabla sijajua ni nguo ya nani nikanusa udi, kisha nikahisi magoti ya mtu chini ya tumbo langu, na nilipoinua kichwa nilikuwa nimelala mapajani mwa Mama Zaina, mama mzazi wa msichana niliyekuwa nakaribia kumwoa. Mnacheka, chekeni tu, lakini aibu hii hunishika mpaka leo, natembea zangu vizuri njiani, halafu ghafla najikuta nafunika uso kwa kiganja na watu wa Kasongo wanadhani jua linaniumiza.

Nianzie mbali kidogo. Fiston ni kijana wa Wamaza, kule Kabambare, aliyejifunza dansi ya jukwaani Kinshasa akaturudia na mambo mapya: hakuna ngoma, hakuna wimbo, mwili peke yake ndio unasimulia. Mimi alinipa sehemu ya mwanaume anayetwanga sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya mke wake mgonjwa. Bila kinu, bila mchi. Mikono mitupu inapanda na kushuka, mgongo unajikunja na kujikunjua, na mwanzoni kabisa nakunja gunia ambalo halipo, naliweka chini ya kinu ambacho hakipo, ili majirani wasisikie. (Kwetu mwanaume hatwangi sombe watu wakiona. Atalima, atabeba, atachinja, lakini mchi ni wa wanawake, na ukiushika utapewa jina utakalozikwa nalo.) Niliipenda sehemu ile kuliko ninavyoweza kueleza. Kila nilipoicheza nilijiona mwanaume kamili, na sikujua kwa nini, maana kila aliyechungulia mazoezi alisema kinyume.

Zaina nilimwambia ni mchezo wa kuigiza tu. Baba yake, muuzaji wa chumvi na sabuni, mtu wa swala zote na maneno machache, alikuwa ameshapokea wajumbe wetu, imebaki ndoa yenyewe, na mimi nikajiambia mzee kama huyu hafiki kwenye mambo ya vijana. Basi siku yenyewe, katika uwanja wa shule, nachungulia nyuma ya pazia, naona nani kwenye viti vya mbele? Baba Zaina na mkewe! Kumbe turubai lililotukinga jua lilikuwa la mzee, na walimu wakamshukuru kwa kuwapa viti hivyo.

Nami nimevaa kaptura fupi, ndilo vazi la mchezo! Nionyeshe mapaja mbele ya mama mkwe, mtu ambaye hata mkeka mmoja hatuketi, hata salamu namtolea nikiwa nimeinamisha macho? Nikakata shauri moja dogo, la heshima kabisa: nikaazima kitenge cha mke wa Fiston, nikajifunga mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Weye Saidi, iko nini hii?" Fiston akaninong'oneza. "Utaanguka!"

"Ni haya, ndugu yangu. Mukwe wangu iko pale."

"Na kitenge ya mwanamuke ndiyo haya?"

Tayari pazia lilikuwa linavutwa.

Nilipotokea, miluzi ikaanza kule nyuma. "Mama Saidi! Sombe iko na chumvi?" Mwingine akauliza, "Ni mwanaume ao mwanamuke?" na mama mmoja akamjibu, "Weye unajua kutwanga? Nyamaza tuone!" Nikakunja gunia langu la hewa, nikatwanga, na polepole miluzi ikapungua, nikasikia pumzi za watu zikifuata mikono yangu, nikasema moyoni leo nimewapata. Kwenye mzunguko wa mwisho kitenge kikanasa kwenye msumari wa jukwaa. Mimi nikaendelea, chenyewe kikabaki. Mengine nimeshawaambia.

Watu waliinuka. "Eeee! Amegusa mukwe!" Mama Zaina hakunisukuma wala hakunishika, alinyoosha mikono yote miwili juu kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Wengine walipiga makofi wakidhani ndivyo mchezo ulivyo, Fiston kule pembeni ananiita, "Endelea! Endelea!" na mimi (sielewi mpaka leo akili yangu ilikuwa wapi) nikaendelea. Nilisimama palepale, kaptura na kipande cha kitenge kiunoni, nikatwanga mbele ya magoti ya mama mkwe mpaka mwisho, na Baba Zaina hakunitazama uso, alitazama mikono tu. Kisha akainuka akaenda zake.

Kesho yake baada ya alasiri nikaitwa kwao. Nilikuwa na maneno yangu tayari: nitaomba msamaha, nitaahidi mbuzi, maana kwetu mkwe akivunja haya huisafisha kwa mbuzi, na kama Zaina nimempoteza nitaondoka kimya. Mzee aliketi kitini, Zaina karibu na dirisha, mama nyuma ya pazia la chumba, asionane nami.

"Baba, nimekosa. Kuanguka kule..."

"Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, baba?"

"Usinizungushe. Ni Zaina?"

"Haki ya Mungu, baba, sijamwambia kitu," Zaina akasema. "Hata sijui unauliza nini."

Nikafikiri anataka kujua nani alinishauri kuvaa kitenge. "Ni mimi mwenyewe, baba. Nilitaka kufunika mapaja."

Akanitazama kana kwamba nimemjibu kwa Kichina.

"Gunia," akasema. "Gunia chini ya kinu. Nani alikuambia?"

"Fiston, baba. Baba yake kule Wamaza, mke wake alipougua, alitwanga hivyo chumbani."

"Baba yake."

"Ndiyo, baba."

"Na yeye aliweka gunia."

"Aliweka."

 Nyuma ya pazia mama akacheka, kicheko kidogo cha puani, halafu akasema, si kwangu, maana hatusemeshani: "Zaina, umwambie mutu huyu, nilipokuzaa weye nililala kitandani siku nyingi. Sombe tulikula kila siku. Asiulize nani alitwanga."

Zaina akaziba mdomo kwa mtandio. Mimi sikujua nitazame wapi.

"Mbuzi utaleta," mzee akasema hatimaye. "Kwa kugusa mama yako."

"Nitaleta, baba. Na ndoa?"

"Mutu wa inje tunamuomba mbuzi ya haya? Mbuzi iko ya mukwe."

Nikaapa palepale, moyoni, kwamba sitajifunga tena kitenge jukwaani, haya ikinishika nitawahamisha viti wakwe zangu. Lakini juu ya mwanaume ni mtu gani hasa, sikuapa kitu. Nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Mzee akavaa kofia yake ya kwenda msikitini, akashika kitasa, akageuka.

"Na muchi haushikwi vile," akasema. "Mukono wa chini unalegea. Utaumia bega."

Akatoka, akafunga mlango.