Maji Moto kwa Mama Asiyeingia Ndani

Mume wangu alikuwa fundi wa redio, na kama mafundi wengi wa redio aliamini kwamba kitu kisicho na waya kimepitwa na wakati. Ndiyo maana alilidharau lile pipa.

Lilikuwa nyuma ya nyumba tuliyopewa na shule nilikofundisha, upande wa juu wa mji wa Kisumu. Nyumba yenyewe ilijengwa enzi za wakoloni, na waliokaa humo walichemsha maji ya kuoga kwa kuni. Pipa la mafuta lililazwa juu ya matofali, chini yake pakaachwa mahali pa moto. Bomba moja liliingiza maji baridi kutoka kwenye tangi lililoinuliwa juu ya nguzo, na jingine lilipitisha maji moto ukutani hadi bafuni. Tulipohamia, katikati ya miaka ya themanini, pipa lilikuwa limetoboka chini na kuku wa jirani walikuwa wakitagia pale pa moto.

Mume wangu akaleta hita ya umeme na kuifunga bafuni kwa mikono yake. Ilitupa raha mpaka mvua zilipoanza na maji ya mfereji yakageuka rangi ya chai. Maji yetu yalitoka ziwani, na ziwa lilipochafuka tope lote lilikuja kutusalimia nyumbani. Likaganda kwenye koili, ule waya wa kupashia maji, koili ikaungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua. Tukarudia sufuria na jiko la makaa, na mimi nikamwambia kila siku ninavyoiona hita yake, kwa sababu kunyamaza si kazi yangu.

Mambo yakawa hivyo mpaka Mama alipougua magoti.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, kule Asembo Bay. Miaka yote alishuka ufuoni alfajiri, akapokea omena kutoka kwa wavuvi, akawaanika, akawauza. Sasa magoti yakamkataa. Alikuja Kisumu kutibiwa, na muuguzi akamwambia kwamba pamoja na dawa akae ndani ya maji moto asubuhi na jioni, magoti yazame kabisa, kisha ayanyooshe humo humo. Alifikia mtaa wa Obunga kwa rafiki yake wa kanisani, mwenye chumba kimoja na jiko moja. Maji waliyoweza kuchemsha yaliishia kwenye vifundo vya miguu.

Kwangu asingeweza kulala. Kwetu Wajaluo, maro, yaani mama mkwe, halali katika nyumba ya mume wa bintiye, sembuse kuvua nguo na kuoga humo. Alikuja mchana tu, akabebwa kwa baiskeli, akaketi uani karibu na kamba ya nguo. Nikajaribu ujanja.

"Mama, hii nyumba si ya mkwe wako. Ni ya shule."

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Na kitanda? Kitanda pia ni ya shule?"

Nikageukia kamba nikaanua nguo zilizokuwa bado mbichi.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "usisumbuke. Jumapili mimi narudi nyumbani. Nitakaa tu kwa kiti."

Niliogopa. Bibi yangu, mama yake Mama, naye alisema hivyo hivyo kwamba atakaa tu kwa kiti, na hakuinuka tena mpaka tulipomzika. Nilijua Mama akirudi na magoti yale, ufuoni hatafika tena.

Siku iliyofuata nilikuwa nafua nguo uani nimenuna, naona kila kitu kibaya, na macho yakaangukia pipa. Pipa lilikuwa nje. Bafu letu ndilo lililokuwa ndani, lakini moto, maji na bomba vyote vilikuwa nje! Tungeweza kujenga bafu jingine upande wa pili wa pipa, mlango wake ukitazama ua, na Mama aingie na kutoka bila kukanyaga kizingiti cha mtu.

Nikamweleza mume wangu. Kwanza akasema, "Pipa tena?" Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akapima kwa hatua zake.

"Ukuta isiguse nyumba," akasema. "Hata kidogo. Mama asione kama tunamdanganya."

Hapo nikajua kwamba yeye pia alikuwa akiumia. Mwanamume yule alikuwa anaona haya kwamba mama mkwe wake anateseka kwa sababu ya paa lake, na hakuwa na pa kuisemea haya hiyo.

Tulilishusha pipa la zamani tukachungulia ndani. Tope la miaka mingi lilikuwa limeokwa likawa gumu kama chungu, na chini yake chuma kilikuwa kimeliwa kabisa. Tukatafuta pipa jipya kwa wachomeleaji wa soko la Kibuye. Niliagiza juu bomba la kupumulia mvuke, refu kupita tangi, ambalo halitazibwa kamwe, na chini tundu lenye kizibo, ili kila Jumamosi nifungue tope litoke kabla halijaokwa.

"Mwalimu, tundu chini itavuja," fundi akasema.

"Ikivuja nitarudi hapa na darasa langu lote," nikamjibu. Akachomelea vizuri sana.

Na lile pipa bovu? Upande wake wa juu ulikuwa bado mzima. Tukalikata kwa urefu, tukagonga kingo zikalala, na nusu ile nzima ikawa beseni ambalo mtu mzima anaweza kuketi akanyoosha miguu. Tukazungushia mabati marefu kupita kichwa cha mtu. Paa hatukuweka.

Jumamosi Mama akaja. Akalizunguka bafu lote taratibu, akapitisha mkono kati ya mabati na ukuta wa nyumba, mkono ukapita. Akaingia.

Moto ulikuwa ukiwaka tangu asubuhi. Nilimsikia akifungua mfereji. Ukakohoa, ukatema matone, ukanyamaza.

"Nyathina," sauti ikatoka ndani, "mfereji ya huku pia inaogopa maro?"

Maji ya mji yalikuwa yamekatika, na tangi lililokuwa juu lilikuwa tupu. Pipa letu lilijaa maji yanayochemka, lakini maji moto hayatoki bila maji baridi kuyasukuma. Lazima tangi lijazwe kwa ndoo.

Mume wangu akachukua ngazi, akakanyaga kipandio cha kwanza, akashuka haraka utadhani ameungua. Mtu akiwa pale juu ya tangi anaona kila kitu ndani ya bafu lisilo na paa! Tulikuwa tumefikiria kuta, tumefikiria mlango, na juu tukapasahau kabisa.

Nikafunga sketi yangu ya ualimu kiunoni nikapanda mwenyewe. Yeye akachota maji kwenye mapipa ya mvua ya jirani, akaniletea ndoo akitembea kinyumenyume, macho kwenye ua, akaziinua nyuma ya mgongo wake mpaka mkono wangu ukazifikia. Jirani alisimama mlangoni akacheka mpaka akaketi. Nilimimina, nikalowa, nikatukana ndoo, nikamimina tena.

Halafu mfereji ukakohoa na maji yakashuka ndani ya lile beseni kwa kishindo. Mvuke ukapanda juu ya mabati. Nikatega sikio. Kwanza Mama aliguna kwa maumivu. Kisha wimbo wa kanisani, ubeti baada ya ubeti. Katikati ya ubeti mmoja akaukatiza.

"Mwambie mwenye nyumba aongeze kuni!"

Mwenye nyumba, yaani mume wangu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya jikoni, akarusha kofia juu kama timu yake imefunga bao. Nami kule kwenye ngazi nililia, na sikuona haya.

Jumapili hakurudi nyumbani. Alikuja asubuhi na jioni, na kila Jumamosi nilifungua kizibo tope likatoka. Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia, na asubuhi moja hapakusikika kengele ya baiskeli. Mama alikuwa amesimama langoni peke yake, ametoka Obunga kwa miguu, na mfuko wa omena kichwani.

"Mwambie mwenye nyumba hii omena ni yake," akasema, akiutua mfuko. "Mimi naenda. Watu wa ufuoni wananingoja."

Mume wangu alikuwa sebuleni, anasikia kila neno. Akanipigia kelele mimi niliyesimama mlangoni karibu naye, ili Mama asikie: "Mwambie Mama pipa ni yake!"

Sikuhitaji kumwambia. Mama alikuwa ameshageuka, anashuka mteremko bila fimbo, na alikuwa anacheka.