Vizuri ya Mwalimu Aliyechoka

Mwalimu mkuu alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka mzima. Huu ulishaingia kwenye mifupa ukapanga chumba. Tena aliutafuta mwenyewe, na msiba wa kujitakia hauna kilio.

Tangu ashike shule ile alipiga marufuku sifuri. Kazi mbovu haikupewa alama. Iliandikwa "Tena" kwa kalamu nyekundu, ikarudi kwa mwenyewe, na mwalimu akakaa naye mpaka itengenee. Madarasa yote, watoto wote, hata wale waliozoea kuachwa wasinzie kwa amani zao. Watoto wakambatiza Mama Tena. Walimu nao walikuwa na majina yao, afadhali tusiyataje.

Sasa walimu walikuwa hoi. Mwalimu wa hesabu, rafiki yake wa siku nyingi, alimwambia wazi kwamba wanatwanga maji kwenye kinu: wengine hawakuumbiwa vitabu, na kuwang'ang'ania ni kuwatesa. Kikao cha jioni hiyo kingeamua utaratibu ule uendelee au ufe, na Mama Tena alishaahidi kwamba hatabisha. Mumewe alifurahi kweli. Alisema angependa kuonana na mkewe kabla hawajazeeka.

Akikingoja kikao, alibaki ofisini na insha za darasa la sita, alilokuwa akilifundisha mwenyewe. Viatu kavua, miguu imevimba. Akafikia insha ya binti mmoja wa benchi la mwisho, mzito wa maneno, aliyekwisha kurudishiwa kazi hiyohiyo mara kadhaa. Aya ya pili bado ilikuwa vurugu tupu. Mama Tena akapiga miayo, akaandika "Vizuri." Yaishe, bwana.

Binti akaja kuchukua insha yake, akatoka. Punde akarudi, akasimama mlangoni. Nyuma yake alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyekuja kumwita mkuu kikaoni.

"Mwalimu, hii aya hata mimi naona haijakaa sawa," binti alisema. "Au mmeshakata tamaa na mimi?"

Aibu ilimpanda Mama Tena mpaka masikioni. Kudanganya angeweza, lakini hata nguvu ya kudanganya hakuwa nayo. Akamwomba mtoto radhi, akaikata ile "Vizuri", akamvutia kiti. Halafu akamwambia mwalimu wa hesabu atangulie, awaarifu wenzake kwamba ile ahadi ameivunja, na kama ni kubisha, atabisha mpaka asubuhi.

Mwalimu wa hesabu hakwenda.

"Nikawaambie nini?" aliuliza taratibu. "Hilo swali la huyu mtoto, mimi sina jibu lake."

Akaingia, akainama mezani, akaisoma ile aya ya pili. Akakiri kwamba kweli ilikuwa mbovu. Wakaanza na sentensi ya kwanza, na kikao kikawangoja.