Muuzaji Aliyekataa Kulala Juu ya Batri Zake

Mwanangu, hiyo simu iweke chini kwanza. Picha ya batri nimeiona, na maneno aliyokuandikia muuzaji nimeyaona pia: kubwa, nguvu, bei ya rafiki. Nimekasirika, na sitakuficha. Siku hizi vijana wengi hapa Butembo mnanunua minibasi iliyochoka, mnang'oa viti, mnaweka kitanda, friji ndogo na taa, halafu mnazunguka masokoni na kulala humo humo. Sikatai, ni kazi nzuri. Lakini mkifika kwenye batri za kuwasha hiyo friji na hizo taa, mnaanza kusema batri ni batri. Neno hilo linanichemsha damu. Nilishalisikia siku moja, nikiwa msichana bado, uani kwetu mtaa wa Mususa, na kidogo litufanye tuchimbe makaburi mawili.

Dada yangu mkubwa, Masika, alikuwa anauza vitenge. Alipanda hadi soko la Kipese, akarudi Butembo, akateremka Beni. Alipozaa mtoto wake wa kwanza, Neema, hakutaka kumwachia mtu, na wala hakutaka kuacha biashara. Mume wake, shemeji Muhindo, alikuwa shofere, anaendesha magari ya watu. Akapata gari-nyumba la wazungu wawili waliokuwa wanazunguka Afrika. Gia iliwafia kwetu, wakakata tamaa, wakaliacha na kupanda ndege uwanja wa Mavivi. Muhindo akalitengeneza mwenyewe. Masika alipoingia mara ya kwanza akakiona kitanda, jiko dogo la gesi na bomba la maji, alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mnapokosea. Gari lile lilikuwa na batri ya mbele, ya kuwasha injini. Halafu lilikuwa na nyingine mbili, ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hizo ndizo zilizobeba friji, taa na pampu ya maji wakati gari limesimama. Injini ikizunguka, inazijaza. Kutoka kwenye lile sanduku kulikuwa na mpira mwembamba uliopita sakafuni na kutokeza nje. Hakuna aliyejua kazi yake.

Batri za wazungu zilizeeka. Taa zikawa zinafifia kabla mtoto hajalala. Muhindo akamwita Kasereka, rafiki yake tangu utotoni, aliyekuwa anauza batri pale pale Mususa na kuimba naye kwaya moja parokiani. Kasereka akaja mwenyewe na batri mbili za lori, ndefu, zenye vifuniko vya kutilia maji. Aliingia nazo ndani ya gari, akaona kitanda, akaona na chandarua kidogo cha mtoto. Naomba ukumbuke hilo: aliona.

Muhindo alimwuliza kama zinafaa kweli.

"Batri ni batri, ndugu yangu," Kasereka akasema. "Hizi ni za camion. Kama zinawasha moteur ya camion, zitashindwa na frigo kidogo vile?"

Batri zilikuwa ndefu kuliko sanduku, na ule mpira ukamzuia kufunga mfuniko. Akatoa kisu, akaukata, akautupa uani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na Neema mgongoni.

"Yaya Kasereka," nikamwambia, yaya kwa heshima ya kaka au dada mkubwa, "ule mupira ulikuwa na kazi gani?"

"Ni urembo ya bazungu, mudogo wangu. Bazungu banapenda mipira."

Wote wakacheka. Akatandika godoro juu ya sanduku kwa mikono yake, akalipiga piga likae sawa, akaenda zake.

Mwanangu, batri ya lori imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa mara moja, injini ikawaka, basi, ikapumzika. Haikutengenezwa kunyonywa pole pole usiku kucha na friji. Ukiinyonya hivyo kila siku, inaoza ndani. Na ikishaoza, injini inaendelea kuisukumia umeme ambao haiwezi tena kuushika. Inapata moto, inachemka, inatoa hewa mbaya. Hewa hiyo ndiyo ule mpira ulikuwa unaitoa nje. Sisi hatukujua. Yeye ilikuwa kazi yake kujua, na bado aliukata.

Wiki hazikupita nyingi, taa zikaanza kufifia tena. Muhindo akampigia simu. Kasereka akajibu kwamba gari halitembei vya kutosha, liendeshwe zaidi, batri zitajaa. Basi tukaliendesha.

Tulikuwa tumetoka Kipese juzi yake, na Masika alikuwa amenunua paniye, kikapu kizima cha mayai, kwa ajili ya Beni. Asubuhi tukaondoka Butembo mvua ikinyesha. Muhindo kwenye usukani, mimi pembeni yake, Masika nyuma kitandani na mtoto, kwa sababu Neema alikuwa na mafua na walikuwa hawajalala vizuri. Madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya mvua. Kati yetu na wao kulikuwa na ukuta wa mbao wenye kidirisha kidogo cha kusukuma.

Tulipofika mbali kidogo, harufu ikaanza. Harufu ya yai bovu.

"Mayai yamepasuka," Muhindo akasema.

Nikasukuma kidirisha. Harufu ikanipiga usoni mpaka machozi yakatoka. "Yaya Masika! Mayai yako yameoza?"

"Sijui," akajibu kwa sauti nzito. "Kichwa inaniuma sana. Acha nilale kidogo."

Nikamwambia shemeji asimame. Akatikisa kichwa. "Hapa hapana simama. Barabara unaijua." Ni kweli, naijua. Kuna sehemu za barabara ile ambazo mtu hasimami kwa hofu ya watu wenye silaha, hata tairi likipasuka anaendelea na rimu. Kwa hilo sikumlaumu siku ile, na simlaumu leo. Lakini nilipoita tena, Masika hakujibu. Nikapiga ukuta kwa ngumi. Kimya. Nikamwita mtoto, kama vile mtoto wa miezi anaweza kuitika. Kimya. Hapo nikaanza kupiga kelele, na Muhindo akakanyaga mafuta kuelekea bariere, kizuizi cha askari kilichokuwa mbele yetu, akipiga honi njia nzima.

Askari wa bariere alidhani tunakimbia kitu. Akaja na bunduki yake, akafungua mlango wa nyuma akague, akarudi nyuma akikohoa, akamwita mama yake kwa Kilingala. "Mama na ngai! Muko na maiti humu?"

Neno hilo, mwanangu, bado ninalisikia. Muhindo alimpita yule askari kama hamwoni. Akamtoa Masika, akamlaza kwenye majani, kwenye mvua. Mimi nikamtoa Neema. Kichwa chake kilikuwa kinaangukia huku na huku, na midomo imekuwa na rangi ambayo sitaki kuitaja. Nilimshika kifudifudi mkononi, nikampiga piga mgongo, nikampulizia, sijui hata nilifanya nini. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi pale akaanza kulia kwa ajili yetu kabla sisi hatujalia. Halafu mtoto akakohoa. Akavuta hewa. Akalia, sauti nyembamba kama ya paka, na yule askari akapiga goti.

Mayai yalikuwa mazima. Hata moja halikupasuka.

Walilazwa Beni. Masika macho yalikuwa yanamuunguza, hakuweza kuyafungua mpaka kesho yake, akawa anampapasa mtoto kwa mikono ili ajue kama anapumua. Ndugu wakajaa pale hospitalini. Na unajua walisema nini? Wakasema tumshukuru Mungu, yameisha, tusifanye mambo, Kasereka ni mtu wa kwetu, tunasali naye, tusiharibu urafiki juu ya ajali. Hata mimi waliniambia nitulie, msichana haongei kwa hasira mbele ya wakubwa.

Ndipo akaingia Mama Mwamini. Huyu alikuwa mama wa Kiislamu, mwenye malori kadhaa, na Masika alikuwa analaza gari lake uani kwake kila akifika Beni. Alikuwa mtu mzima tayari, mnene, mpole wa kawaida. Alikuja na beseni la chakula. Akasikiliza yale maneno yote, akaliweka beseni chini.

"Munasema ajali," akasema. "Ajali ni jiwe kuanguka mulimani. Hii iko na mutu aliifanya kwa mikono yake. Leo munamunyamazia, kesho anauzia mwingine, na ule mwingine pengine hapana bariere kwenye njia yake. Juu ya nani munamushukuru Mungu hivi? Juu ya huyu mutoto? Basi kasirikeni juu yake!"

Akamgeukia Muhindo. "Na wewe. Wakati unanunua, ulimwambia batri ni za kazi gani?"

"Nilimwambia ni za gari, mama."

"Gari! Ulisema gari. Hukusema mutoto wangu atalala juu yake."

Muhindo akalia mbele za watu wote. Mama Mwamini hakumbembeleza. Alimchukua mpaka uani kwake, gari lilipokuwa limepelekwa, akafungua sanduku. Batri moja ilikuwa imevimba tumbo. Akaamuru waya zitolewe, gari lirudi Butembo madirisha yote wazi, bila mtu nyuma. Yeye akafuata na pikapu yake, mimi pembeni yake.

Tulimkuta Kasereka mbele ya duka lake, anacheka na wateja. Alikuwa amesikia habari. Akaja na mikono miwili kusalimia. Mama Mwamini hakuipokea.

"Shikamoo, mama. Tulisikia, tumesali sana."

"Muhindo, rudisha zile waya," mama akasema. "Washa moteur. Funga madirisha." Halafu akafungua mlango wa nyuma, akamwonyesha Kasereka kitanda. "Ingia, ulale."

"Namna gani, mama?"

"Ulale kwenye kitanda wewe mwenyewe ulitandika. Mi nitakunywa chai yangu hapa. Nikimaliza, nitakufungulia, na nitakuomba pardon mbele ya batu bote."

Watu wa Mususa walishaanza kukusanyika: mafundi wa pikipiki, wauza duka, wamama. Kasereka akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akasema ana kazi. Mama akamwambia chai haichukui muda. Akasema nguo zake ni safi. Mama akavua kitenge chake cha juu, akakitandika kitandani. Kasereka akatazama watu, akatazama ule mlango.

"Mama, mi siwezi kulala mule," akasema mwishowe. "Mi niko na batoto."

Injini ikaendelea kunguruma.

"Ah," Mama Mwamini akasema. "Uko na batoto."

Hakumtukana, hakumshika. Alimwambia Muhindo azime injini, na Kasereka mwenyewe akazitoa zile batri, watu wote wanamtazama.

Batri nyingine tulizitafuta kwa muuzaji wa mtaa mwingine. Kabla hajatuonyesha kitu, Mama Mwamini alimwambia: mama na mtoto wanalala juu yake. Yule hakukimbilia kusifu mali yake. Aliuliza tunawasha nini, kwa saa ngapi, sanduku liko wapi, injini inajaza kwa namna gani. Akatupatia mbili zilizofungwa kabisa, zisizotiwa maji, za kutoa nguvu pole pole, zinazofanana, za umri mmoja, kwa sababu nzee ikifungwa na mpya inaiharibu. Akapima kama umeme unaotoka injini unazifaa. Akazifunga kwa mkanda zisitikisike, akarudisha mpira wa kutoa hewa nje. Toka siku hiyo, kabla ya kila safari, Muhindo aliwasha injini, akafunga milango, akalala kitandani yeye kwanza. Ndipo akamwita mke wake.

Neema alikohoa muda mrefu, lakini alipona. Kasereka alikuja kuomba msamaha, na Masika akamsamehe. Mimi bado. Padri ananiambia kila mara, na kila mara ninamjibu kwamba ninajaribu.

Basi, mwanangu, ukienda kununua, usianze na bei. Anza na nani atalala pale. Sema unataka ya kunyonywa pole pole, siyo ya kuwasha injini. Uliza hewa yake inatokea wapi. Usichanganye nzee na mpya. Ukisikia harufu, simama penye usalama wa kwanza, toa watu, ndipo utafute sababu. Muuzaji akicheka swali lako, toka dukani kwake, hata kama mmeimba pamoja miaka yote. Na wakikuambia utulie, usitulie. Kasirika ukiwa bado dukani, kabla batri haijaingia chini ya godoro la mtu.

Haya, nimesema. Mungu akufungulie barabara, akupitishe kwenye bariere zote salama, akupe wateja na akulindie wale watakaolala nyuma yako. Ulale, na uamke.