Vidonge Vitatu Baada ya Chakula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wanaume pale Sumbawanga, Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, alinikuta nimesimama na faili mkononi. Hakuniuliza hata jina.

"Tabibu, tumbo linayeyusha nyama ya ng'ombe. Kwa nini halijiyeyushi lenyewe?"

Nikajibu kwa sauti ya mbu kwamba ukuta wa tumbo una tezi zinazotoa asidi kali, lakini umefunikwa na ute mzito unaoukinga.

"Na asidi inajuaje wakati wa kutoka?"

Nikasema harufu ya chakula tu yatosha kuamsha neva. Chakula kikifika, tumbo hutoa homoni iitwayo gastrini, nayo huzihimiza tezi. Asidi ikizidi, gastrini hupungua na tezi hutulia.

"Sawa. Tumbo lina akili kutuzidi sisi tunaolitibu," akasema, akaenda zake.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Wenzangu waliniita Mama Roho Juu, nami sikununa, maana ni kweli. Nilipelekwa Mtowisa, kwenye joto la bondeni, nikakaa miaka mingi. Kisha nikarudishwa juu, zahanati ya kijiji kimoja upande wa Kaengesa, nikiwa tabibu peke yangu. Huko hapakuwa na wa kumuuliza, na hilo lilinitisha kuliko ugonjwa wowote.

Ndipo akaja katekista wetu, mzee Kalisto, jirani yangu kabisa, goti limevimba. Nikampa dawa ya maumivu.

"Baba, kidonge kimoja mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Usimeze na njaa."

Nilisisitiza kwa sababu dawa hizo hupunguza ule ute, na ukuta ukibaki wazi, asidi huula. Nikajiona nimemaliza kazi.

Wiki mbili baadaye mkewe aliingia mbio, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Daktari, mzee kaanguka kanisani! Na choo chake cheusi kama lami!"

Choo cha namna hiyo ni damu iliyokwisha kuchakatwa tumboni. Nilimkuta wa baridi, mapigo yanakimbia. Nikamtundikia dripu, tukampakia kwenye pikapu ya paroko kwenda Sumbawanga. Njia nzima nilimshika mkono nikihesabu mapigo, nikimwomba Mungu asiniadhibu kwa roho ya mtu huyu. Nikamuuliza kama alimeza dawa na njaa.

"Hapana, mwanangu. Nilitii. Ila ni Kwaresima, nakula mara moja tu, jioni. Basi vyote vitatu nilimeza baada ya chakula hicho."

Nilitaka kulia. Vitatu kwa mpigo, kila siku, na kutwa tumbo linashinda tupu! Nami nilikuwa nafunga wiki hizohizo, katika kanisa hilohilo, nisikumbuke kumuuliza.

Hospitalini Mganga Mfawidhi, yuleyule wa siku yangu ya kwanza, alisoma cheti.

"Nani kaandika dawa hii?"

"Mimi."

"Ulimuuliza anakula mara ngapi?"

"Sikumuuliza."

Hakunigombeza. Alikwenda kutafuta damu ya kumwongezea mzee.

Mzee alipona. Baada ya Pasaka aliniletea unga wa ulezi kunishukuru. Nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, akacheka. "Wewe ulisema sawasawa. Mwenye kula mara moja ni mimi."

Tangu hapo sikumpa mtu kidonge kabla ya kujua anakula lini, na kama anafunga. Ninyi vijana mnaoshika kazi hii, ulizeni. Nimestaafu sasa, lakini wasiwasi haujastaafu. Habari ya katekista ilinirudia kwa sababu nyumba zetu zilipakana. Kabla yake, kule Mtowisa, niliwaambia maneno yaleyale, mara tatu kwa siku baada ya chakula, watu wa vijiji vya mbali, kila Kwaresima na kila Ramadhani. Ambaye hakurudi, niliandika kwenye rejista kwamba amepona.